Tafuta Neno Lingine

Daktari Nalubega alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa mlangoni kwangu hapa Bulembia, Kasese, nachambua maharage. Sauti yake imezeeka, lakini bado ana tabia ile ile ya kuanza kusema kabla hajasalimia. "Masereka, Muhindo amefariki. Wanazika Alhamisi, huko Bwera. Nitakuja na kile kitabu cha kazi. Nataka kuwasomea watoto wake mambo aliyotufanyia baba yao, na wewe utatafsiri kama zamani." Nikamjibu, "Vyema, Daktari." Simu ilipokatika nilikuta ungo umeinama na maharage yametapakaa miguuni pangu. Kitabu hicho nakijua. Kiliandikwa kwa mkono wangu, kwa Kiingereza changu cha shule, na ndani yake kuna mstari mmoja ambao nimeuogopa maisha yangu yote. Nimewahi kuwaza kwamba kimeungua, au kimeliwa na mchwa katika stoo ya chuo fulani Kampala. Kumbe kilikuwa salama, kinasubiri nizeeke.

Mwaka kilipoandikwa kitabu hicho nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kidato cha nne, nami niliamini kwamba cheti hicho kimenitenga na watu wote waliozaliwa chini ya mlima huu. Daktari Nalubega alikuwa kijana bado, amekuja kutoka Kampala pamoja na mzee mmoja Mzungu tuliyemwita Profesa, na kazi yao ilikuwa kuchunguza mimea ya asili ya misitu. Mwaka huo walitaka mmea mmoja tu: henzirani, ule ambao watu hufumia viti na vikapu, na ambao wenzetu wa ng'ambo ya mpaka huuita kekele. Mimi niliuona mara nyingi ukiwa kiti. Sikujua kwamba ni ndugu wa mchikichi. Profesa alinieleza siku ya kwanza, akichora kwa penseli: huu ni mchikichi usioweza kusimama peke yake. Shina lake ni jembamba kama kidole gumba, kwa hiyo hulalia miti mingine na kupanda hadi juu kabisa penye jua. Ncha ya jani lake hurefuka na kuwa mjeledi, na mjeledi huo una ndoana nyingi, zote zimeelekea nyuma. Ukiupitia kwa upole unakuachia. Ukivuta, unakushika. Ndiyo maana maua na matunda yake hayajulikani sana na wasomi, alisema, kwa sababu yako juu, na asiyejua kupanda hatayaona. Walihitaji mtu wa kupanda. Walihitaji pia mtu wa kuandika na kutafsiri, kwa maana Profesa hakujua Kiswahili hata kidogo, na Daktari alijua kile cha kuulizia njia tu. Mtu wa kuandika alikuwa mimi. Mtu wa kupanda alikuwa Muhindo.

Tuliishi katika nyumba moja ya mabati pale Bwera, yenye vyumba vinne na uchochoro katikati. Chumba cha mbele kilikuwa cha majani. Kulikuwa na mbao za kukandamizia, kamba za kufungia, na magazeti ya zamani yamerundikwa hadi dirishani, kila gazeti lina jani au ua limelala ndani yake likikauka juu ya jiko la mkaa. Nyumba nzima ilinuka majani yanayokauka na mafuta ya mawese. Mke wa Muhindo, Biira, ndiye aliyetupikia. Alikuwa na mimba ya kwanza mwaka huo, naye alipika akiwa amekaa, mgongo umeegemea ukuta: bundu, ule ugali wa muhogo, sombe la majani ya muhogo, samaki wa chumvi kutoka Katwe. Profesa alikula kila kitu na kusema ahsante kwa kila kijiko, jambo lililomchekesha Biira mpaka akaficha uso. "Huyu muzungu," aliniambia, "atachoka na ahsante mbele ya kushiba." Muhindo mwenyewe alikula kimya. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mikono mirefu kuliko mwili wake, amezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na amekata kekele tangu utoto. Ndiye aliyenipa jina la Karani. Hakuniita Masereka hata siku moja.

Siku ya kwanza ya kupanda, tulivuka mpaka pale Mpondwe kwa Landrova na kuingia msitu wa chini ya mlima, upande wa pili. Kazi ilikuwa hivi: Muhindo apande mti jirani kwa mkanda wa ngozi, afike kwenye shada la maua, afunge ncha ya kamba kwenye shina la henzirani chini ya shada, alikate juu, kisha atoe ishara, na sisi watatu chini tuvute mpaka mmea uachane na matawi na kushuka. Kutoka chini hatukuweza kumwona, majani yalikuwa mazito. Ilibidi iwe ishara ya sauti. Profesa alitaka neno moja, fupi, ambalo hata yeye angeweza kulitamka na kulitambua. Akaniuliza Waswahili huitaje kitu hiki, akinyanyua kamba mkononi. Nikamwambia. Akalirudia mara tatu kwa furaha, "Kamba! Kamba! Kamba!" na mimi nikamgeukia Muhindo nikamwambia, "Ukiita kamba, tunavuta."

Muhindo alitazama chini. Akanishika mkono akanisogeza pembeni kidogo, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu. "Karani," akasema, "ile neno hapana. Huku ndani ya pori, kamba ni ule mwingine. Ule hana miguu. Sisi hatumuite kwa jina lake, anasikia. Tunasema kamba. Tafuta neno lingine. Sema vuta, sema lete, sema hata jina la mama yako." Nilijua anachosema. Bibi yangu mwenyewe hakuwahi kutamka nyoka baada ya jua kuzama. Lakini Daktari Nalubega alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu na daftari lake, na Profesa ameshalipenda lile neno, na mimi nililipwa kwa kujua maneno. Nitarudije niwaambie kwamba neno la kwanza kabisa nililowapa ni baya? Nitawaambiaje wasomi kwamba watu wetu wanaogopa nyoka asisikie jina lake? Daktari akauliza, "Anasema nini?" Nikasema, "Amekubali."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyomfikiria mtu yeyote. Ukweli ni kwamba katika sisi wanne, mwoga wa nyoka alikuwa mimi. Wao walitembea msituni wakitazama juu, mimi nilitazama miguu yangu. Kila mzizi ulikuwa na macho. Nilivaa soksi mbili katika joto lile, na jioni nilikung'uta blanketi mara tatu kabla ya kulala. Mtu aliyeogopa kiasi hicho angepaswa kuwa wa kwanza kumsikiliza Muhindo. Lakini hofu yangu niliionea haya kuliko nilivyomwogopa nyoka, kwa hiyo nikajifanya mtu asiyeamini. Muhindo hakuwa na haya ya kuogopa, ndiyo sababu alikuwa hai.

Wiki zikapita na neno likafanya kazi. Kila siku sauti ilishuka kutoka majanini, "Kambaa!" nasi tukavuta, na mjeledi wa henzirani ukaja na matawi makavu na siafu na vumbi. Kila aliposema, nilitazama miguu yangu kwanza, kisha mmea ukashuka, hakuna kitu, nami nikacheka peke yangu. Nilianza kuamini kwamba nimeshinda. Pale kizuizini Mpondwe askari walitujua na kutungoja kama mchezo. "Fungua! Hii majani ni ya nini?" "Ni ya kusoma, afande." "Majani inasomwa?" "Inasomwa, afande." "Basi soma hii," askari mmoja akanipa jani la mgomba alilokuwa amefunikia chakula chake, na wenzake wakapiga mapaja kwa kicheko. Muhindo aliyekuwa nyuma, juu ya mizigo, akajibu kwa niaba yangu, "Inaandikwa: afande iko na njaa." Hata yule askari alicheka. Nakumbuka nilimpenda sana Muhindo siku hiyo, na nakumbuka niliogopa kumpenda.

Asubuhi moja mapema nilikuwa nanawa uso nyuma ya nyumba, nikawasikia Muhindo na mkewe wakizungumza jikoni kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu. Biira alisema, "Mwambie tena lile neno wabadili." Muhindo akasema, "Nilimwambia." "Mwambie tena." Chai ikamiminwa. "Mtu aliyesoma," akasema Muhindo, "ukimwambia mara ya pili anadhani unaomba." Nikasimama pale na maji usoni. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Ningeingia jikoni, nikaketi, nikasema leo tuite vuta. Profesa asingejali, alikuwa mtu mwema, angejifunza neno jipya kwa furaha ile ile. Badala yake nilirudi kwa njia ya mbele ili wasijue nimesikia. Baadaye Biira alipoweka bundu mezani alinitazama akauliza, "Karani, mulimaliza maneno yenu na baba wa huyu?" akigusa tumbo lake. Nikamwambia, "Tulimaliza, mama."

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya mvua. Matone yalikuwa bado yanaanguka kutoka tawi hadi tawi, na mtu hawezi kujua lipi ni tone na lipi ni kitu kinachotembea. Profesa alikuwa ameona kwa darubini henzirani yenye matunda yaliyoiva, magamba yake mekundu yanang'aa, na alikuwa anatetemeka kwa hamu. Muhindo akapanda. Tukamsikia akipumua, kisha hatukumsikia. Mimi nilikuwa wa mbele kwenye kamba, Daktari nyuma yangu, Profesa wa mwisho. Nikaona kamba inajinyoosha kidogo, nikajua ameshaifunga. Kisha sauti ikaja. "Kamba!"

Haikuwa sauti ya kazi. Sauti ya kazi aliirefusha, "Kambaa," kama mtu anayeita ng'ombe. Hii ilikuwa fupi, imekatwa. Nilitambua tofauti. Lazima niandike hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia sikutambua. Nilitambua, na mikono yangu ikasita. Ikaja mara ya pili, "Kamba! Iko kamba!" Na nyuma yangu Profesa akasema kwa furaha yake, "Kamba!" akavuta. Daktari akavuta. Ningesema kitu. Neno moja lingetosha, acheni, lakini baada ya neno hilo wangeniuliza kwa nini, na ningepaswa kuwaeleza tangu siku ya kwanza. Nikavuta pamoja nao. Nilivuta kwa nguvu kuliko siku zote.

Alichotueleza baadaye ni hiki. Nyoka, wa rangi ya majani mabichi, alikuwa amelala kwenye lile shina, karibu na kifundo alichokuwa amekifunga sasa hivi. Muhindo alimwona na kuanza kurudisha mkono taratibu, kama inavyotakiwa. Angeurudisha. Tulipovuta, mjeledi wa ndoana ulimpitia kwenye mkono na kumshika, nyama na shati pamoja, na mkono wake ukaenda tulikokuwa tunauvutia, kwa nyoka. Tulimsikia akipiga kelele, sisi bado tunavuta. Alishuka mwenyewe kwa mkanda wake. Alipofika chini hakunitazama. Alikaa, akaangalia ule mkono wa kulia, akasema kwa utulivu, "Mutu anisaidie nitoe miiba." Niliitoa miiba. Nilimchoma zaidi, naye akasema pole pole, "Karani, wewe kaa. Daktari afanye."

Landrova haikuwahi kwenda kasi namna ile. Kizuizini askari waliona uso wake wakafungua bila kuuliza neno. Hospitalini Bwera walimwokoa, lakini mkono ulikuwa umeanza kuoza, na siku ya nne waliukata juu ya kiwiko. Biira alikaa sakafuni karibu na kitanda, miguu imenyooshwa, hakulia. Mimi nilisimama barazani pamoja na Profesa. Alikuwa amezeeka kwa siku nne. Akaniuliza, "Alisema nini kule juu?" Nikasema, "Alisema kamba." "Una hakika?" "Nina hakika." "Kwa hiyo alitoa ishara." "Ndiyo, alitoa ishara." Kila neno nililotamka lilikuwa la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Jioni, mezani, kabla giza halijaingia, alinitajia cha kuandika kitabuni nami nikaandika kwa mwandiko mzuri: mpandaji alitoa ishara kabla hajawa tayari.

Hayo ndiyo yaliyomfuata Muhindo. Watafiti wengine walikuja miaka iliyofuata, wakahitaji mtu wa kuwaongoza msituni, kazi isiyohitaji mikono miwili. Waliuliza, wakasomewa kitabu, wakachukua mwingine. Watu wa Bwera walimtania kwamba aliita mvua kabla ya kuanua. Yeye akalima kahawa kwa mkono mmoja. Mimi nilipata barua nzuri ya Profesa na kazi ya ofisini hapa Kasese, nikakaa nayo mpaka kustaafu, na njia ya Bwera nikaiogopa. Nilikutana naye mara moja tu, sokoni Mpondwe, miaka mingi baadaye. Sikupata pa kujificha. Akanipa mkono wa kushoto, akacheka. "Karani! Uko muzima?" Nikasema niko mzima. "Kwetu nyumbani tunakutaja," akasema. "Haiishi wiki hatujakutaja." Nilirudi nyumbani na homa. Kwa muda mrefu nilijiuliza wananitaja vipi, kwa baraka au kwa laana, na sikuthubutu kwenda kuuliza.

Alhamisi nilikwenda. Walikuwa wametandaza turubai, viti vya plastiki vimejaa, na jeneza liko mbele ya mlango. Biira alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo mwenye msiba alikuwa Masika, binti yao, yule wa ile mimba, sasa mama mwenye mvi, mwenye mkono wa nguvu kama wa baba yake. Alinipokea kwa magoti. "Mzee Masereka, ahsante kwa kuja. Baba angefurahi." Daktari Nalubega alinikalisha kando yake na kile kitabu mapajani. Jalada lile lile la kijani. Nilisikiliza hotuba bila kusikia. Nilikuwa nahesabu kurasa kwa macho, nikijua ukurasa uko wapi.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka nyuma ya nyumba, kali, imekatwa: "Karani! Karani iko kwa kuni!"

Nikasimama. "Naam!" nikaitika.

Watu wote waliokuwa karibu na njia ya jikoni walikuwa wamesimama pia, wanawake wamekusanya nguo zao, na mkwe wa Masika amekwisha kuchukua fimbo na kukimbilia nyuma na wanaume wawili. Kisha wakaniona nimesimama peke yangu katikati ya viti, nimeitika. Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Masika alikuja upesi, uso umebadilika kwa aibu. "Mzee, utusamehe. Hawakuita wewe. Ni... ni neno la hapa nyumbani tu. Baba hakupenda tuseme nyoka. Na kamba pia alikataa. Sisi tunasema Karani."

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nipate akili, mzee. Sikujua kama ni jina la mtu mpaka nimekuwa mkubwa."

Miaka yote nilifikiri nimebeba siri, na kumbe ilikuwa ikitumika nyumbani kwa Muhindo kila siku, kando ya kuku na kuni, bila chuki, kama chombo cha jikoni. Alikuwa amelitafuta neno lingine. Daktari Nalubega hakuelewa kilichotokea, Kiswahili chake hakijaongezeka. Akadhani ni zamu yetu. Akasimama, akafungua kitabu, akasoma kwa Kiingereza juu ya mwaka ule, juu ya mimea ambayo mpaka leo iko kwenye makabati Kampala na watu hutoka mbali kuitazama, kwamba yote ilishushwa na mikono ya Muhindo. Nilitafsiri. Sauti yangu ilikuwa nzima. Kisha akafika pale, akasoma mstari ule kwa upole, kama jambo la huzuni lililokwisha, akaningoja.

Nikasema, "Imeandikwa hapa kwamba mpandaji alitoa ishara kabla hajawa tayari. Aliyeandika ni mimi. Si kweli. Baba yenu alitukataza lile neno siku ya kwanza, aliniambia tafuta lingine, na mimi nikawaambia wakubwa wangu kwamba amekubali. Siku ile aliita kututahadharisha. Nilimwelewa. Nilivuta."

Daktari akanigusa mkono, "Masereka, unasema nini? Mimi sikusoma maneno mengi hivyo." Nilikuwa namtazama Masika, naye ananitazama. Mkwe wake akatokea pembeni mwa nyumba, jasho linamtoka, fimbo mkononi, hajui kilichosemwa huku mbele.

"Mama," akaita, "Karani ametoka. Anaelekea kahawani. Tumuue?"

Masika hakugeuza uso kwake.

"Hapana," akasema. "Mumuache apite."